Barua ya wazi kwa wanaosimamia shule za Moshi: walimu tulionao, na Januari 2028 inayokuja

KWA: Wakurugenzi Watendaji, Maafisa Elimu Msingi na Sekondari, maofisa wa Tume ya Utumishi wa Walimu na Waheshimiwa Madiwani, Moshi mjini na vijijini

YAH: KUSAWAZISHA WALIMU, KUWATUNZA WALIOPO NA KUJIANDAA KUPOKEA MAKUNDI MAWILI YA KIDATO CHA KWANZA

Ndugu zetu,

Kila bajeti inapoandaliwa, idara za elimu huanza na upungufu wa walimu na kumalizia na ombi la kibali cha ajira. Upungufu upo, hatubishi. Ila kibali hakitoki Moshi. Kinatoka Utumishi, ofisi ya serikali kuu inayosimamia watumishi wa umma, na mgawo wa walimu wapya nao unapangwa ngazi ya taifa. Barua hii inawahusu walimu ambao tayari wana cheki namba, yaani namba ya mshahara serikalini, na wamo kwenye ikama zenu, yaani idadi ya watumishi mliopangiwa. Hao, kupangwa kwao, kulipwa stahili zao na kukubali kwao kubaki kunategemea karatasi zinazosainiwa kwenye ofisi zenu. Tunaoandika ni walimu wastaafu, wajumbe wa kamati za shule za msingi na wa bodi za sekondari, wengine wa ukanda wa juu wa mlima na wengine wa tambarare.

Tuanze na hesabu, maana ndiko mambo yanakoharibikia.

Uwiano wa mwalimu 1 kwa wanafunzi 45 ni kipimo kizuri cha kupeleka Dodoma. Kwa kupanga walimu shule kwa shule haufai, na madhara yake yanaonekana vizuri zaidi hapa kwetu, ambako vihamba vya juu, yaani mashamba ya ukoo yenye makazi, vimebaki na wazee huku vijana wakishuka mjini na tambarare. Chukueni shule ya Kibosho, Uru au Mwika yenye watoto 160. Gawanyeni kwa 45: walimu 4 wanatosha, na wa tano ataitwa wa ziada. Lakini shule hiyo ina darasa la kwanza hadi la saba. Tukikadiria vipindi 8 kwa siku, kila darasa lina vipindi 40 kwa wiki, na madarasa 7 yana 280. Mwalimu anayeandaa somo na kusahihisha madaftari kweli kweli hubeba vipindi kama 30. Ukigawanya unapata walimu 9 na ushee, kabla hujamgusa mwalimu wa awali. Ukiiachia shule hiyo walimu 4, kila saa ya masomo kuna madarasa 3 yasiyo na mtu mbele. Takwimu zitasema uwiano ni mzuri kuliko wa taifa.

Geukeni sasa tambarare: Mabogini, Kahe, Arusha Chini. Shule ina watoto 900 na vyumba 12. Uwiano unadai walimu 20. Wakifika wote 20, vyumba ni vile vile 12, watoto 75 kila chumba, na walimu 8 wako ofisini kila kipindi wakisubiri zamu. Vyumba 12 mara vipindi 40 ni 480, kwa hiyo walimu 16 wanazijaza ratiba zote. Shule hiyo imekwama kwenye vyumba kwanza. Ili watoto 900 wakae 45 kwa chumba zinahitajika ratiba 20, yaani makundi 20 yanayofundishwa kwa wakati mmoja, ambazo ni vipindi 800 na walimu 27. Kupeleka walimu bila vyumba ni kuwaweka kijiweni, na mwalimu aliyekaa kijiweni miezi 6 ataanza kutafuta wa kubadilishana naye kituo.

Kwa hiyo ombi letu la kwanza: ikama ya ndani ya halmashauri ipangwe kwa mikondo (makundi ya kila darasa) na vipindi, na uwiano ubaki kwa taarifa za kitaifa. Maafisa Elimu Kata wanaweza kukusanya namba hizo kwa wiki moja, maana ziko ukutani katika kila ofisi ya mwalimu mkuu: ratiba kuu, idadi ya mikondo, na majina ya wanaofundisha. Tunasisitiza wanaofundisha. Aliye masomoni, aliye likizo ya ugonjwa, aliyeazimwa ofisi ya kata na anayehesabiwa shuleni lakini anashinda kwenye shughuli za halmashauri wasihesabiwe vipindi.

Shule ndogo za juu nazo haziwezi kupewa walimu 10 kila moja, tunalijua hilo. Zipo njia mbili. Kuziunganisha shule mbili jirani ni rahisi kwenye ramani, lakini mlimani kilomita 2 za ramani huwa na korongo katikati, na mtoto wa darasa la kwanza hapiti hapo wakati wa masika. Njia ya pili ni kufundisha madarasa mawili pamoja. Katika shule ya watoto 160 kila darasa lina watoto kama 23, kwa hiyo la kwanza na la pili wakikaa pamoja ni 46, la tano na la sita vivyo hivyo. La nne na la saba yaachwe peke yake kwa sababu ya upimaji na mtihani wa taifa, na la tatu lisiguswe. Ratiba zinabaki 5, vipindi 200, walimu 7. Tunawaonya jambo moja: madarasa ya pamoja bila mafunzo ni msiba. Mwalimu lazima ajue kuandaa kazi mbili za viwango viwili kwenye kipindi kimoja, kundi moja likiandika wakati lingine linafundishwa. Mafunzo hayo yanaingia vizuri kwenye MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, ngazi ya kata, bila posho kubwa wala ukumbi wa hoteli.

Tukiwa bado juu, angalieni na ruzuku ya uendeshaji. Kwa utaratibu ulioanza 2016, katika shilingi 10,000 za kila mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, 6,000 ndizo zinazofika shuleni. Watoto 160 wanaleta 960,000 kwa mwaka, yaani 80,000 kwa mwezi. Posho ya madaraka ya mwalimu mkuu peke yake ni 200,000 kwa mwezi. Mwalimu mkuu anapewa kuliko shule yenyewe. Hatusemi posho ipunguzwe, anaistahili. Tunasema umeme, chaki na uchapaji wa majaribio havipungui kwa kuwa watoto wamepungua. Shule zenye watoto chini ya 200 zitengewe nyongeza kutoka mapato ya ndani, hata kama ni karatasi na wino tu.

Sasa msawazo wenyewe. Kila mtu anajua kwa nini haufanyiki: mwalimu akihamishwa na mwajiri, Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma zinampa posho ya usumbufu, ya kujikimu na gharama za mizigo. Akiomba mwenyewe, halipwi. Hapo ndipo inapozaliwa ile hila ya kumwambia mwalimu aandike barua ya kuomba ili deni lisionekane. Mahali popote inapofanyika, mwalimu anafika kituo kipya akiwa tayari ameshahama moyoni. Na kumhamisha kwa barua kisha kumwahidi fedha mwaka ujao kunajaza orodha ya madeni ya watumishi, ambayo baadaye inazuia hata uhamisho ulio wa lazima kabisa.

Fanyeni kinyume. Fedha itangulie barua. Kama bajeti inatosha kuhamisha walimu 12, wahamisheni 12 wanaohitajika zaidi, mlipe wote kabla hawajafunga mizigo, basi. Mwakani 12 wengine. Na kabla ya kutoa hata shilingi, ulizeni swali moja ambalo fomu zetu haziulizi: mwalimu huyu analala wapi? Walimu wengi wa shule za juu na za chini wanaishi mjini Moshi, Pasua, Majengo, Soweto, Njoro na kwingineko, na kila asubuhi wanapanda daladala. Anayepanda kwenda Kibosho anaweza kushuka Mabogini bila kuhama nyumba, bila kumhamisha mtoto shule, pengine kwa nauli ile ile. Uhamisho wa namna hiyo ni nafuu kwake na kwenu. Orodha ya makazi ya walimu ikiwekwa pembeni ya orodha ya vipindi, sehemu kubwa ya msawazo itajipanga yenyewe.

Isipokuwa Kahe na Arusha Chini. Huko, mito inayoshuka mlimani ikijaa masika, barabara hukatika, na mwalimu wa kulala mjini hafiki shule hata akitaka. Shule hizo zinahitaji nyumba. Nyumba moja ya familia mbili yenye umeme na tanki la maji itawabakiza walimu wawili kwa miaka mingi kuliko posho yoyote mtakayobuni. Msikabidhi nyumba ambayo haina choo kilichokamilika wala nyavu za madirisha. Mbu wa mashamba ya mpunga hawana mzaha, na mwalimu akipata malaria mara tatu kwa mwaka ataondoka na hamtamlaumu. Uhamisho ufanyike Desemba, matokeo yaanze Januari. Kumng'oa mwalimu wa hisabati Julai, wakati la saba wanafanya mtihani Septemba, ni kuwaadhibu watoto kwa makosa ya kalenda.

Kuhusu mwalimu mpya, siku 90 za kwanza ndizo zinazoamua. Anakuja na barua ya ajira, vyeti halisi, namba ya NIDA na akaunti ya benki. Anazungushwa: leo afisa utumishi hayupo, kesho mhasibu yuko semina, fomu za PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, zimekwisha, za bima ya afya zinapatikana jengo lingine. Taarifa zake zikichelewa kuingia kwenye mfumo kabla orodha ya mshahara ya mwezi haijafungwa, mwezi huo hana mshahara, na anaanza maisha ya kazi kwa kukopa kwa mangi wa dukani. Dawa ni ndogo: kila mgawo mpya ukitoka, tengeni siku mbili, wekeni meza moja yenye utumishi, uhasibu, elimu, PSSSF na bima kwa pamoja, na mwalimu asitoke pale kabla fomu zote hazijakamilika na posho ya kujikimu haijalipwa. Kamati ya shule ipewe taarifa wiki mbili mapema ili itafute chumba cha kupanga karibu. Mwenyekiti wa kijiji anajua chumba kilipo.

Baada ya hapo apewe mwalimu mzoefu wa kumshika mkono katika kipindi cha majaribio, na jina la huyo liandikwe. Miezi 12 ikitimia, barua ya kuthibitishwa kazini itoke. Kuthibitishwa kukichelewa mwaka, na daraja la kwanza linachelewa mwaka, na kila daraja linalofuata litabeba ucheleweshaji huo hadi kwenye kiinua mgongo. Hapa tunawageukia watu wa Tume: wekeni hadharani, kila robo mwaka, idadi ya waliofikia sifa za kuthibitishwa na kupanda daraja, na idadi ya waliopata. Vivyo hivyo kwa waliorudi na shahada na wanasubiri kubadilishiwa muundo wa utumishi, yaani kupewa cheo na mshahara unaolingana na elimu yao mpya. Mwalimu aliyesoma bila kuwekwa kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri anapata shida kutambuliwa, kwa hiyo waambieni kabla hawajalipa ada ya chuo.

PEPMIS nayo, ule mfumo wa mtandaoni wa kupima utendaji wa watumishi. Kujaza majukumu kwenye mfumo kunataka simu nzuri, kifurushi na mtandao. Kompyuta moja yenye intaneti katika kila kituo cha walimu cha kata, saa za jioni, ingemaliza malalamiko mengi. Nauli ya likizo ilipwe kwa zamu inayojulikana, majina yakiwa ukutani. Mtu akiona jina lake liko la 40, atasubiri. Asipoliona popote, ataanza kuuliza wa 41 amelipwa vipi.

Kuna pengo lingine ambalo halimo kwenye ripoti yoyote. Likizo ya uzazi ni siku 84, wiki 12. Mwalimu wa vipindi 30 akiondoka, vipindi 360 havina mwenyewe. Ni haki yake na isiguswe. Ila hakuna anayepangwa badala yake, hivyo wenzake wanagawana, au somo linalala. Likizo hizi zinajulikana miezi kadhaa kabla. Kila kata iwe na angalau mwalimu mmoja wa akiba, wa kuzunguka shule hadi shule kuziba mapengo ya namna hii, na apewe nauli. Vijana wahitimu wanaojitolea wanaweza kuchukua nafasi hiyo kwa mkataba mfupi wa halmashauri. Kwa sasa wanalipwa michango ya wazazi isiyo na uhakika, na mwalimu mkuu ndiye anayebaki kujieleza mbele ya mkuu wa wilaya kuhusu michango.

Chakula. Tunakileta kwenye barua ya walimu kwa sababu kipindi cha saa 8 mchana mbele ya watoto wenye njaa hakifundishiki, na mwalimu anayeshinda hivyo mwaka mzima anachoka. Kwa makande, kadirieni gramu 120 za mahindi na gramu 40 za maharage kwa mtoto kwa siku. Kwa siku 194 za masomo ni kilo 23.3 za mahindi na kilo 7.8 za maharage, yaani kama debe moja na robo la mahindi, na chini ya nusu debe la maharage, kwa mtoto kwa mwaka. Si mzigo wa kutisha. Kinachoharibu mpango ni wakati: michango ikidaiwa Januari, nyumba nyingi zimeshauza mahindi ili kulipia sare na madaftari. Dai likusanywe mara baada ya mavuno, kwa kupima kilo na si kwa kukadiria gunia. Mahindi yakaushwe hadi unyevu usizidi asilimia 13, yawekwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa, juu ya mbao, mbali na ukuta, la sivyo sumukuvu itawafikia watoto kabla ya makande. Mwalimu asishike fedha wala ufunguo wa stoo. Kamati iweke watunza stoo wawili wenye kufuli mbili. Kaya zilizo kwenye orodha ya TASAF, mfuko unaosaidia kaya maskini, zichangie kwa kuni, mboga au siku ya kazi, na hakuna mtoto wa kuambiwa arudi nyumbani saa ya kula.

Kwa shule za skimu za mpunga, Mabogini na Chekereni, fuatilieni mahudhurio kwa kalenda ya shamba. Mpunga ukianza kutoa masuke, watoto wanatumwa kuamia, yaani kufukuza ndege, na daftari la mahudhurio linaonyesha mashimo yale yale kila msimu. Chama cha wamwagiliaji kina ratiba ya maji ya kila kitalu, kwa hiyo tarehe zinajulikana. Kaeni nao kabla ya msimu mkubaliane nani ataamia. Kutuma mgambo baadaye hakujawahi kumrudisha mtoto darasani zaidi ya siku mbili.

Tumeacha kubwa kwa makusudi. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa darasa la kwanza na la tatu. Walioanza la tatu mwaka huo watamaliza elimu ya msingi darasa la sita mwaka 2027, mwaka ule ule ambao wenzao wa mtaala wa zamani watamaliza darasa la saba. Januari 2028 makundi yote mawili yanaingia kidato cha kwanza, na kwa kuwa elimu ya lazima sasa ni miaka 10, hakuna kundi la kuachwa nje ya geti. Kwa kila wanafunzi 120 wa ziada zinatakiwa ratiba 3 za watu 40: vyumba 3, vipindi 120 kwa wiki, na walimu 5 wakibeba vipindi 24 kila mmoja. Uvimbe huo utapanda kidato cha pili 2029, cha tatu 2030, cha nne 2031, kisha utatoka. Vyumba vitahitajika miaka 4.

Upande wa pili wa hesabu hiyo ndio hatusikii ukizungumzwa. Januari 2028 darasa la saba halitakuwepo tena. Kila shule ya msingi yenye mkondo mmoja itabakiwa na chumba kimoja na vipindi 40 visivyo na wanafunzi. Katika shule za msingi mna walimu wenye shahada ambao wangefundisha sekondari. Waorodhesheni sasa kwa somo: nani alisoma hisabati, fizikia, kemia, baiolojia, jiografia. Waulizeni nani yuko tayari. Anzeni taratibu za kuwabadilisha kada mwaka mmoja kabla, kwa sababu zinapita Tume na Utumishi na hazikimbiliki. Wapeni nafasi ya kukaa darasani sekondari wakati wa MEWAKA, maana Kiingereza cha kufundishia kinahitaji kunolewa. Pale ambapo shule ya msingi na sekondari ziko uwanja mmoja, na zipo nyingi mlimani, vyumba vya la saba vitumike kwa kidato cha kwanza kwa miaka hiyo 4, baada ya kuongeza matundu ya choo kufikia 1 kwa wasichana 20 na 1 kwa wavulana 25. Fedha za ujenzi zitakazobaki zipelekwe tambarare, kwenye zile ratiba 20 zenye vyumba 12.

Tunaomba hivi. Kabla ya kikao kijacho cha robo mwaka cha Baraza la Madiwani, bandikeni kwenye mbao za matangazo za kata zote jedwali moja la kila shule, ya msingi na ya sekondari, lenye safu nne: mikondo, vipindi kwa wiki, walimu wanaofundisha, vyumba. Kamati na bodi za shule zitalihakiki ndani ya wiki mbili na kurudisha masahihisho kwa Afisa Elimu Kata kwa maandishi. Jedwali la pili, la waliostahili kuthibitishwa, kupanda daraja na kulipwa nauli ya likizo, libandikwe ofisi za halmashauri na liwe na tarehe.

Wenu katika kazi,

Walimu wastaafu, wajumbe wa kamati za shule na wa bodi za sekondari,
Moshi.